Kuitambua bastola ndogo ya silinda ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bastola za mfukoni zenye silinda inayozunguka zilitengenezwa kwa wingi mno Marekani, Ubelgiji, Uingereza, Ufaransa na Hispania kuanzia miaka ya 1850 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Nyingi hazina jina la kiwanda, na jina likiwepo mara nyingi ni la duka au la biashara tu. Kwa hiyo usianze na jina. Anza na chuma chenyewe: jinsi inavyofunguka, nyundo inapiga wapi, chemba zina upana gani, alama gani zimejificha chini ya mpini. Jina lije mwisho.

Nitajuaje kama bado ina risasi?

Chukulia kwamba inazo mpaka uthibitishe vingine. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu, na kidole kikae mbali na kifyatulio. Usivute nyundo. Washa tochi kutoka pembeni, kamwe usielekeze jicho kwenye mdomo wa mtutu, uangalie sehemu ya mbele ya silinda. Chemba yenye risasi huonyesha duara la rangi ya kijivu, ambalo ni ncha ya risasi; chemba tupu ni shimo jeusi. Kisha angalia nyuma ya silinda kama kuna vitako vya maganda kati ya silinda na fremu.

Bastola za fataki, yaani zile zinazojazwa baruti na risasi kutoka mbele ya silinda na kuwashwa kwa kikofia kidogo cha mlipuko kiitwacho fataki, zina hatari ya peke yake. Silinda yake imezibwa nyuma, na chemba iliyojaa inaweza kufunikwa na uchafu au grisi iliyokauka hadi ikaonekana kama chuma tu. Chukua kijiti chembamba cha mbao, kiingize taratibu katika kila chemba kutoka mbele na uweke alama kwa penseli pale kinapogota. Chemba tupu huwa na kina kinachochukua sehemu kubwa ya urefu wa silinda. Chemba moja ikiwa fupi kuliko wenzake, ichukulie kuwa imejaa. Baruti nyeusi iliyokaa kavu haiozi. Ya miaka 150 bado inaweza kulipuka. Hapo usichokonoe, usipashe moto, usijaribu kubandua fataki kwa koleo. Mpelekee fundi wa silaha. Kumwagia mafuta hakuiui baruti kwa uhakika, na ushauri huo umekuwa ukirudiwa mno.

Ina kutu na uchafu. Niisafishe kwanza ndipo nisome alama?

Hapana. Hili ndilo kosa linaloharibu bastola nyingi kuliko kutu yenyewe. Msasa, brashi ya waya na mashine ya kung'arisha hula kingo za herufi, na herufi zikishaliwa hazirudi. Zaidi ya hapo, rangi ya kahawia iliyotulia juu ya chuma ni sehemu ya ushahidi wa umri, na mkusanyaji anayejua kazi yake ataona mara moja kwamba imeondolewa.

Kinachoruhusiwa mwanzoni ni kitambaa laini cha pamba, mswaki laini na mafuta mepesi ya mashine kidogo. Kwa bastola iliyopakwa nikeli jihadhari na viyeyusho vyenye amonia. Chini ya nikeli mara nyingi kuna tabaka la shaba. Amonia hupenya kwenye mikwaruzo, inakula shaba hiyo, na nikeli inaanza kubanduka kama magamba.

Nimeshika bastola salama na tupu. Niangalie nini kwanza?

Angalia namna risasi inavyowashwa. Jambo hili moja linapunguza uwezekano kuliko jingine lolote.

Ukiona chuchu ndogo zinazochomoza nyuma ya kila chemba, ni ya fataki. Maarufu kuliko zote kwa ukubwa wa mfukoni ni Colt ya 1849, kaliba (ukubwa wa risasi) .31, iliyotengenezwa kati ya 1850 na 1873 kwa idadi inayozidi 300,000. Silinda yake imechorwa tukio la gari la farasi likivamiwa na majambazi. Mchoro ukiwa umefutika kabisa, elekeza mwanga wa pembeni kwenye silinda na uizungushe polepole. Mara nyingi mguu wa farasi au gurudumu hujitokeza karibu na ukingo wa nyuma, ambako mikono haikusugua sana.

Ukiona mfereji mdogo umekatwa kwenye ukingo wa nyuma wa kila chemba, na nyundo inapiga kutoka juu kwenda chini, ni ya risasi za pini, yaani zenye pini inayochomoza pembeni mwa ganda. Mtindo huu ni wa Lefaucheux wa Ufaransa. Bastola ya Eugène Lefaucheux ilitoka mwaka 1854, kisha mafundi wa Liège, Ubelgiji, wakaiga kwa wingi. Kaliba za kawaida za mfukoni ni milimita 7 na 9.

Kama hakuna chuchu wala mfereji, angalia ncha ya nyundo. Ncha pana kama patasi inayogonga ukingo wa ganda ni ya risasi za kupigwa ukingoni. Ncha iliyochongoka inayopita katikati ya tundu kwenye fremu ni ya risasi za kupigwa katikati. Kwa bastola ndogo za Marekani, za ukingoni zilitawala miaka ya 1860 na 1870, na za katikati zikashika soko baada ya Smith & Wesson kutoa .38 mwaka 1876 na .32 muda mfupi baadaye. Za .22 zimebaki za ukingoni hadi leo, hivyo kwa kaliba hiyo kigezo hiki hakikusaidii kupata umri.

Namna inavyofunguka inaniambia nini?

Mengi. Kuna mitindo mitatu ya kawaida.

Wa kwanza ni mtutu unaoinuka kwenda juu kwa bawaba iliyo juu ya fremu, mbele ya silinda. Ukiinua, silinda inatoka mkononi, na maganda unayasukuma kwa kijiti kilicho chini ya mtutu. Huo ni mtindo wa Smith & Wesson wa kuanzia 1857 na wa walioiga.

Wa pili ni fremu nzima isiyofunguka. Unabonyeza kitufe, unavuta mhimili wa silinda kwenda mbele, silinda inatoka pembeni, na mhimili huohuo unatumika kusukuma maganda. Bastola nyingi za bei rahisi za miaka ya 1870 na 1880 ziko hivi, nyingi zikiwa na kifyatulio kifupi kama kipembe kisicho na pete ya kukikinga.

Wa tatu ni bawaba iliyo chini, mbele ya fremu, na komeo juu nyuma ya silinda. Ukiinua komeo na kuinamisha mtutu, nyota iliyo katikati ya silinda inajitokeza na kutoa maganda yote kwa pamoja. Hizi zilishamiri kuanzia miaka ya 1880 hadi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Nitapimaje kaliba bila risasi?

Kwa kalipa (kifaa chenye taya mbili cha kupimia upana), si kwa rula, wala kwa kuingiza risasi ya kisasa uone kama inaenea. Pima upana wa chemba upande wa nyuma, angalau chemba tatu, kisha chukua wastani. Vipimo hivi vya karibu vitakusaidia:

.22 ya ukingoni: mm 5.8
.32 ya ukingoni: mm 8.1 hadi 8.2
.32 Smith & Wesson ya katikati: mm 8.6
.38 ya ukingoni: mm 9.6 hadi 9.7
.38 Smith & Wesson ya katikati: mm 9.8 hadi 9.9
.41 ya ukingoni: mm 10.3 hadi 10.4
Kaliba nene za Kiingereza za .442 na .450: karibu mm 12

Unaona jinsi .38 mbili zilivyokaribiana. Kipimo peke yake hakitoshi. Ndiyo maana ncha ya nyundo inaangaliwa kabla ya kalipa kushikwa. Pia kagua ukingo wa chemba kwa lenzi. Bastola ya ukingoni iliyofyatuliwa mara nyingi ikiwa tupu huwa na kibonyeo kidogo kwenye kila chemba, mahali pamoja, na chuma kilichosukumwa hapo huingia ndani ya shimo. Kalipa ikikaa juu ya kibonyeo hicho itasoma pungufu. Igeuze kidogo upime tena.

Alama hukaa wapi, na nisomeje zilizofifia?

Juu ya mtutu, kwenye ubao wake wa juu, na pembeni mwa mtutu. Juu ya fremu. Chini ya mpini, kwenye kitako. Mbele na nyuma ya silinda. Kwenye mhimili wa silinda. Chini ya vibao vya mpini, ambako ndiko kunakofichwa zilizo muhimu na ambako hazikusuguliwa na mfuko.

Kwa zilizofifia, zima taa ya chumba na uweke tochi ilale karibu sambamba na chuma, mwanga ukipita juu ya herufi badala ya kuzipiga moja kwa moja. Piga picha nne, kila moja mwanga ukitoka upande tofauti. Herufi isiyoonekana kwenye picha ya kwanza hutokea ya tatu. Karatasi nyembamba iliyosuguliwa kwa penseli laini nayo inafanya kazi vizuri kwenye sehemu bapa.

Vibao vya mpini navitoaje?

Bisibisi lazima ijaze mfereji wa skrubu kwa upana na kwa unene. Ikicheza itakwaruza, na skrubu iliyokwaruzwa inapunguza thamani. Skrubu ikigoma, tia tone la mafuta ya kupenyeza, iache saa 24, ujaribu tena. Ikishalegea, usichokoe kibao kwa kisu pembeni. Izungushe skrubu nyuma kidogo hadi ibaki na nyuzi mbili tatu, kisha gonga kichwa chake taratibu kwa kipande cha mbao: kibao cha upande wa pili kitasukumwa nje. Cha pili kisukume kutoka ndani kwa kijiti.

Vibao vyeusi vya mpira mgumu vinavunjika kama biskuti kuzunguka tundu la skrubu na pini ya chini. Vikigeuka kahawia ni kwa sababu ya mwanga na umri, wala si uchafu. Kuvisugua hakurudishi weusi.

Imeandikwa tarehe ya hataza (haki ya mvumbuzi). Ndio mwaka iliyotengenezwa?

La. Tarehe ya hataza inakuambia jambo moja tu: bastola haikutengenezwa kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa hapo. Inaweza kuwa imetengenezwa miaka 20 baadaye, maana viwanda viliendelea kugonga mhuri uleule.

Lakini tarehe hiyo ina msaada ambao watu wengi hawaujui. Tangu mwisho wa miaka ya 1840, hataza za Marekani hutolewa siku ya Jumanne. Kwa hiyo kama tarakimu moja ya mwaka imefutika, fungua kalenda ya zamani. Chukua 3 Aprili: katika kipindi cha 1855 hadi 1866 iliangukia Jumanne mara tatu tu, 1855, 1860 na 1866. Ukisoma "APRIL 3, 18_5" jibu ni moja. Na hiyo 3 Aprili 1855 ndiyo tarehe kubwa kuliko zote katika somo hili: ni hataza ya Rollin White ya silinda iliyotobolewa kutoka mbele hadi nyuma, ambayo Smith & Wesson waliishikilia hadi ilipoisha mwaka 1869. Kabla ya hapo, kiwanda kingine cha Marekani kilichotaka kuuza bastola ya risasi kamili (yenye ganda, baruti na kiwashio pamoja) kilikuwa na njia mbili: kukiuka hataza na kushtakiwa, au kubuni risasi ya ajabu inayoingizwa kutoka mbele, kama ile ya Moore yenye chuchu nyuma. Baadhi ya walioshindwa kesi waliruhusiwa kumalizia mauzo kwa sharti la kugonga maneno yanayosema imetengenezwa kwa ajili ya Smith & Wesson. Ukiona maneno hayo pamoja na jina la kiwanda kingine, umeshika kipande cha kesi hiyo mkononi.

Imeandikwa jina la ajabu tu, kama "Defender" au "Blue Jacket". Ni kiwanda gani?

Hayo ni majina ya biashara. Hataza ya White ilipoisha, viwanda vya Massachusetts na Connecticut vilifurika sokoni na bastola rahisi, kila duka likitaka jina lake. "Defender" ilitoka kwa Johnson, Bye & Co., kampuni iliyokuja kuwa Iver Johnson. "Blue Jacket" ni ya Hopkins & Allen wa Norwich. "Swamp Angel" ni ya Forehand & Wadsworth wa Worcester. "Young America" na "Victor" ni za Harrington & Richardson. Jina lisilojulikana linganisha kwa maumbo: mkato wa fremu nyuma ya silinda, umbo la mifereji ya silinda, kitufe cha mhimili, nakshi za vibao. Fremu haidanganyi kama jina.

Kuna herufi ELG ndani ya duara la yai. Maneno "British Bull Dog" yapo pia. Je, ni ya Ubelgiji?

ELG ni alama ya nyumba ya majaribio (mahali silaha zinapopimwa nguvu kabla ya kuuzwa) ya Liège, Ubelgiji. Juu ya duara kukiwa na taji, ilijaribiwa baada ya Julai 1893. Bila taji, kabla ya hapo. Tafuta pia herufi ndogo ya mkaguzi: yenye taji juu yake ni ya 1853 hadi 1877, yenye nyota ni ya baada ya hapo. Kwa alama hizi mbili unaweza kubana umri hadi kipindi cha miaka 16, bila kujua kiwanda.

Na ndiyo, "British Bull Dog" yenye ELG ni ya Ubelgiji. Webley wa Birmingham alianza kuuza Bulldog mwaka 1872, na Liège ikaiga jina na umbo. Bastola aliyotumia Charles Guiteau kumpiga risasi Rais Garfield wa Marekani mwaka 1881 ilikuwa ya aina hiyo ya Bulldog. Ilichukuliwa na taasisi ya Smithsonian kisha ikapotea. Ya Uingereza yenyewe itakuwa na alama za London au Birmingham, zenye taji na herufi V au P. Ya Ujerumani ya kuanzia 1893 ina taji juu ya herufi kama U, G au B. Marekani haikuwa na nyumba ya majaribio ya serikali, hivyo bastola isiyo na alama yoyote ya aina hii inaelekea huko, ingawa si hoja ya kufunga mjadala.

Namba yake ni 4127. Ni ya mwaka gani?

Haijibiki hivyo. Namba ina maana ndani ya modeli yake tu. Kwa kawaida modeli ilianza na 1, na wengine walianza upya katikati. Pia kuna namba mbili za aina tofauti: ya mfululizo, na ya uunganishaji ambayo fundi aliigonga ili vipande vilivyosuguliwa kwa tupa vikae pamoja visichanganyike. Ya pili haina tarehe. Linganisha kitako, silinda, mtutu na komeo. Zikilingana, vipande ni vya pamoja tangu mwanzo.

Colt na Smith & Wesson zina kumbukumbu za kiwanda zinazowezesha kupata barua rasmi inayotaja tarehe bastola ilipotoka na mahali ilipopelekwa, kwa ada. Viwanda vya bei rahisi havikuacha kitu cha namna hiyo. Hapo unategemea majedwali yaliyokusanywa na wakusanyaji.

Nina Smith & Wesson ndogo ya .22 yenye risasi saba. Ni toleo lipi?

Modeli Na. 1 ina matoleo matatu. La kwanza, 1857 hadi 1860, lina fremu ya mashavu ya mviringo na kifuniko kidogo cha duara pembeni. La pili, 1860 hadi 1868, lina fremu bapa na kifuniko kikubwa kisicho duara. La tatu, kuanzia 1868, lina mtutu wa mviringo badala ya wa pembe nane, silinda yenye mifereji, na mpini uliopinda kama kichwa cha ndege.

Vibao vyangu vina kichwa cha bundi.

Ni Iver Johnson. Sasa angalia komeo la juu: lenye nguzo moja ni la kwanza kabisa, la katikati ya miaka ya 1890, lenye nguzo mbili ni la hadi 1908. Kisha toa vibao uone springi ya nyundo. Bapa ni ya enzi ya baruti nyeusi. Ya kuzungushwa kama koili ni ya 1909 na kuendelea, iliyotengenezwa kwa baruti isiyo na moshi. Mpaka huu una uzito, kisheria na kiusalama.

Nitajuaje kama ni nakala mpya?

Nakala za fataki za Italia zina herufi PN chini ya nyota, na kisanduku kidogo chenye msimbo wa mwaka. AA ni 1975. Watu hufuta alama hizi kwa tupa. Angalia mahali ambapo sehemu bapa imebonyea bila sababu, au kutu yenye rangi moja kila mahali, hata ndani ya mifereji ya skrubu. Kutu ya kweli haiko sawasawa.

Naweza kuifyatua?

Usifanye hivyo. Chuma cha bastola za bei rahisi za wakati huo ni laini, silinda hailingani tena na mtutu, na risasi za kisasa zinaweza kuingia kwenye chemba bila fremu kuhimili nguvu yake. Hata kufyatua tupu kunavunja springi za zamani zenye umbo la V.

Kisheria ni ya kale?

Inategemea nchi. Marekani, sheria ya taifa inaita ya kale iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, na kinachohesabiwa ni fremu. Uingereza, kanuni za 2021 zinataka iwe imetengenezwa kabla ya 1 Septemba 1939 na pia itumie risasi au mfumo wa uwashaji ulio kwenye orodha ya vilivyopitwa na wakati; .22 ya ukingoni haimo. Ndiyo maana Smith & Wesson Na. 1 ni ya kale upande mmoja wa bahari, na upande wa pili inakuwa silaha kama silaha nyingine. Thibitisha kabla ya kununua, kuuza au kuivusha mpaka.

Nikitaka msaada wa mjuzi, nimpelekee nini?

Picha sita zenye mwanga wa kutosha: pande zote mbili, juu, kitako, nyuma ya silinda, na fremu bila vibao. Urefu wa mtutu, ukipimwa kutoka mdomoni hadi mbele ya silinda. Idadi ya chemba na upana wake kwa milimita. Ncha ya nyundo inapiga wapi. Kila herufi na tarakimu kama ilivyo, hata ya nusu, na pale isiposomeka weka mstari badala ya kukisia.